Uzi maalumu kwa watu wa kwaya: Arvo Pärt, mtunzi aliyeanza upya na noti moja

Mwalimu wa Solfa (Dodoma Mjini)

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita kwenye uzi wa kibodi niliandika kwamba siku hizi kwaya zetu zinapigiwa muziki kuliko zinavyoimba. Wengine walichukia, wengine wakaniomba nifafanue. Nimekaa nikaandika, naomba mnivumilie kwa urefu. Nafundisha kwaya hapa Dodoma mwaka wa kumi na nne huu, waimbaji thelathini na kitu, na mtu aliyenifungua masikio ni mtunzi wa Estonia anayeitwa Arvo Pärt.

Estonia ni nchi ndogo kando ya bahari ya Baltiki. Watu wake hawafiki milioni moja na nusu, wakati mkoa wetu wa Dodoma peke yake una zaidi ya milioni tatu kwa sensa ya 2022. Lakini ni taifa la kwaya. Tangu 1869 wana tamasha la nyimbo ambalo siku hizi hukusanya waimbaji makumi ya maelfu jukwaa moja, na walipodai uhuru wao kutoka Umoja wa Kisovieti mwishoni mwa miaka ya 80, walidai kwa kuimba. Kwa hiyo mtu wa kwaya akimsoma Pärt anakutana na jirani.

Alizaliwa 11 Septemba 1935 katika mji wa Paide, akakulia Rakvere kwa mama yake na baba wa kambo. Nyumbani palikuwa na piano kubwa ya zamani, mbovu. Noti za katikati zilikuwa hazifai, zinazolia vizuri ni za juu kabisa na za chini kabisa. Mtoto akawa anachezea huko kwenye ncha mbili. Wakuu, mkisikiliza muziki wake wa baadaye mtaikuta ile piano humo: noti iko juu kabisa kama kioo, nyingine iko chini kama shimo, katikati hewa tupu. Inasimuliwa pia kwamba uwanja wa mji ulikuwa na kipaza sauti kikirusha muziki wa okestra kutoka redioni, naye alikuwa akiuzunguka uwanja huo kwa baiskeli asikilize mpaka uishe.

Jeshini alipiga ngoma na zumari katika bendi. Akasoma chuo cha muziki Tallinn chini ya mwalimu Heino Eller, akahitimu 1963, huku akifanya kazi ya fundi sauti redioni. Kijana alikuwa mjuvi wa mitindo mipya. Mwaka 1960 aliandika *Nekrolog*, kazi ya kwanza nchini kwake kutumia mtindo wa kupanga noti zote kumi na mbili kwa zamu, wakubwa wa muziki wa Kisovieti wakamkemea kwamba ameambukizwa mambo ya Magharibi.

Kilichomfungia mlango hasa ni *Credo* ya 1968, yaani "Nasadiki". Ina kwaya, piano na okestra. Anaanzia kwenye kipande cha Bach, mtunzi wa kale wa Ujerumani, ambacho kila anayejifunza piano anakijua, ile preludi ya C, kisha anakivuruga hatua kwa hatua mpaka inakuwa vita kamili, kwaya inaimba yale maneno ya Mathayo 5, jicho kwa jicho na jino kwa jino. Halafu linakuja jibu la Yesu, msishindane na mtu mwovu, na Bach anarudi taratibu, mzima. Neeme Järvi aliiongoza Tallinn mwezi Novemba mwaka huo. Kumkiri Kristo hadharani kwenye ukumbi wa serikali ya wakati ule! Kazi ikazuiwa isipigwe tena.

Basi hapo akanyamaza. Miaka minane. Hakukaa bure kabisa, aliandika muziki wa filamu apate mkate, na mwaka 1971 akatoa simfoni ya tatu. Lakini yeye mwenyewe alijiona hana tena lugha. Akaanza kujifunza kama mtoto. Alichukua nyimbo za kale za Kanisa, zile za sauti moja zisizo na ala, akawa anaziandika na kuziimba, akajaza madaftari. Akaingia Kanisa la Orthodox, akamwoa Nora, na huyo mama ndiye aliyeshika naye mkono mpaka leo. Kuna kisa amekisimulia mara nyingi cha mfagia barabara aliyemuuliza asubuhi moja kwenye kituo cha basi: mtunzi aandikeje muziki? Mfagiaji akamjibu kwamba nadhani inabidi aipende kila sauti moja moja.

Mwaka 1976 akatoka na kipande cha piano cha kurasa mbili, *Für Alina*. Alikiandika kwa ajili ya binti wa rafiki wa familia aliyekwenda kuishi Uingereza, mama yake akabaki. Noti ya chini kabisa inapigwa, pedali inakanyagwa, mlio unabaki. Juu yake zinalia noti mbili mbili. Kifungu cha kwanza kina noti chache, kinachofuata kinaongeza moja, kinachofuata moja, mpaka katikati, kisha zinapungua kwa mpango uleule. Hakuna hesabu ya mapigo. Mahali pamoja tu mkono wa kushoto unaivunja kanuni, na kwenye karatasi amechora ua mahali hapo.

Nitaendelea na namna ya kanuni yenyewe, maana ndiyo sababu ya uzi.

Binti wa Mpwapwa

Mwalimu, nimekaa siti ya mbele. Nilikuwa sijamsikia huyu, nikatafuta *Spiegel im Spiegel*, fidla na piano. Nimeisikiliza nikiwa kwenye daladala na nimeshuka nimefuta machozi. Lakini niulize kwa nia njema: mbona hakuna kinachotokea? Piano inapiga noti tatu tatu mwanzo hadi mwisho. Kwaya ya vijana ukiwapa hii si watalala?

Mwalimu wa Solfa

Dada, swali lako ndilo hilohilo nililouliza mimi siku ya kwanza. Nijibu kwa solfa, maana hapa wengi tunasoma solfa.

Pärt ana sauti mbili tu. Ya kwanza inatembea: do, re, mi, fa, so, hatua kwa hatua kama mtu anayepanda ngazi, hairuki. Ya pili haitembei, inakaa kwenye noti tatu za nyumbani, do, mi, so, basi. Kila sauti ya kwanza inapohama, ya pili inatafuta noti ya nyumbani iliyo karibu nayo. Mtindo huu ameuita *tintinnabuli*, neno la Kilatini la kengele ndogo, kwa sababu zile noti tatu zinalia nyuma ya kila kitu kama kengele inayoendelea kuvuma. Mkewe Nora aliuweka kwa hesabu: moja jumlisha moja ni moja. Mmoja anatangatanga, mwingine anamrudisha, na wewe unasikia kitu kimoja.

Hakuna kinachotokea, unasema. Sasa chukua *Spiegel* tena. Fidla inaanza kwa noti mbili, inafika kwenye mi. Safari ya pili inatoka upande wa pili, inafika kwenye mi ileile. Safari zinazidi kurefuka hatua kwa hatua, mara kutoka chini, mara kutoka juu, na kila mara inafika nyumbani. Ukishaijua hiyo, zile dakika nane au kumi unakaa unamsubiri mtu afike.

Niwape mfano nilioujaribu mimi. Nilichukua "Bwana utuhurumie". Pärt katika misa yake ya 1977, *Missa syllabica*, alihesabu silabi za kila neno na kuliacha neno lenyewe liamue urefu wa safari. Nami nikafanya hivyo. Bwana, silabi mbili. Utuhurumie, silabi sita. Kila neno limalizikie kwenye do.

Sauti ya kwanza: r d | l s f m r d
Sauti ya pili, noti ya nyumbani iliyo chini yake (s yenye koma ni so ya chini): d s, | s m m d d s,

Besi wanashika do moja ndefu kwa mdomo uliofungwa. Kibodi nikaichomoa nikaifunika kitambaa.

Tulipofika silabi ya tatu ya "utuhurumie", sauti ya kwanza wako fa, sauti ya pili wako mi. Nusu hatua. Zinasuguana. Sauti ya pili wakanyamaza wote, wakadhani wamekosea. Nikawaambia hamjakosea, rudieni, ishikeni hapo. Wakarudia. Mara ya tano au ya sita ile fa ikashuka kwenye mi yake, na sauti ya pili wakashuka do, na chumba kizima kikatulia kama maji kwenye mtungi. Tulipomaliza, do na so zikiwa zimeshikwa, mama mmoja wa sauti ya pili, mwenyeji wa Bahi, asiyesoma solfa hata herufi moja, akageuka nyuma akauliza: "Nani huyo anaimba kule juu?"

Hakuna aliyekuwa anaimba kule juu. Nikawarudisha tena, kimya, na mimi nikaisikia. Mi nyembamba, juu kabisa, imezaliwa na do ya besi yenyewe. Nimefundisha miaka yote hiyo na kibodi ikiwa imewashwa sijawahi kuisikia.

Vijana hawakulala, dada yangu. Walitaka kurudia.

Mlinzi wa Mstari

Mkuu, heshima kwako, lakini nina neno. Sisi Dodoma tuna muziki wetu. Tuna Wagogo wanaoimba sauti nyingi bila mwalimu wala karatasi, tuna ngoma za muheme, tuna nyimbo za msunyunho, tuna zeze. Kwa nini tukamtafute Mzungu wa Estonia atufundishe kusikiliza?

Mzee wa Ilimba (Chamwino)

Mbukwenyi. Kijana aliyeuliza ameuliza vizuri, na mimi nina jibu kidogo, maana natengeneza ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole, tangu ujana.

Ilimba kubwa ya Kigogo ina vyuma vingi. Mgeni akiiona anadhani vyote vinapigwa. Sivyo. Vipo unavyovipiga kwa vidole, na vipo usivyovigusa kabisa. Hivyo unavilinganisha na wenzao, ukipiga mmoja, yule asiyeguswa naye anaitika mwenyewe. Na kwenye tundu la mbele tunabandika utando wa buibui, ndio unaoupa mlio ule wa kunong'ona. Ukitoa vile visivyoguswa, ilimba inakuwa kavu, haina roho. Marehemu Hukwe Zawose, mtu wetu wa Dodoma aliyefariki 2003 baada ya kuupeleka wimbo wa Kigogo ulaya na kwingine, ilimba yake ilivuma hivyo, usijue mlio mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi.

Mwalimu anaposema mzee Pärt anapiga noti ya chini, anakanyaga pedali, na nyuzi nyingine zinaitika, mimi namwelewa kabisa. Na hiyo mi ambayo mama wa Bahi ameisikia si ajabu. Nyimbo zetu zimejengwa humo, kwenye sauti zilizo ndani ya sauti. Yule mama amekulia humo. Wenzake wamekulia kwenye spika.

Mwalimu wa Solfa

Shikamoo mzee. Umenifundisha kitu ambacho nimekitafuta miaka. Nilijua kwamba yule mama amesikia kabla yangu, sikujua ni kwa nini.

Ndugu Mlinzi, nadhani mzee amekujibu kuliko ningeweza. Mimi nilikuwa namtafuta Pärt YouTube, kumbe mlango wake uko Chamwino. Nisingeujua huo mlango kama nisingepita kwake kwanza, hilo nalikiri wazi, na halinipunguzii heshima ya kwetu, linaniongezea.

Na sasa, mzee, sikiliza hii uniambie. Desemba 1976 alifariki Benjamin Britten, mtunzi wa Uingereza. Pärt alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuuelewa usafi wa muziki wa Britten, akatamani kukutana naye, na nafasi ikawa imepita. Mwaka uliofuata akaandika *Cantus* kwa kumbukumbu yake. Ala za nyuzi na kengele moja. Dakika sita hivi.

Inaanza na kimya kilichoandikwa kwenye karatasi. Halafu kengele, mara tatu, taratibu. Fidla za juu zinaanza kushuka: la. La so. La so fa. La so fa mi. Kila mara zinarudi la ya juu na kuongeza hatua moja chini. Kundi la pili linafanya hivyohivyo kwa kasi nusu ya lile la kwanza, oktava moja chini. La tatu nusu ya hilo. Makundi matano, la mwisho, besi kubwa, linakwenda polepole mara kumi na sita kuliko la kwanza. Wote wanashuka ngazi ileile, kila mmoja kwa mwendo wake. Picha inayonijia mimi ni msafara wa mazishi huku kwetu, vijana mbele, wazee nyuma, njia moja. Kila kundi likifika noti yake ya mwisho linasimama hapo na kuishikilia, linawasubiri wengine. Mpaka besi nao wanafika, na nyuzi zote zimeshika la, do na mi za huzuni kwa nguvu zote.

Kisha nyuzi zinakatwa ghafla. Na pale ndipo unasikia kwamba kengele ilikuwa imegongwa polepole kabla hazijakatwa, ilikuwa imefunikwa. Inabaki peke yake inavuma. Na kengele, kama ilimba, ina sauti ndani ya sauti: inavumisha do iliyopandishwa nusu. Yaani kipande chote kimekuwa cha huzuni, na mlio wa mwisho kabisa, ambao hakuna mwanadamu anayeupiga, unageuka wa furaha.

Mzee wa Ilimba, je, hilo si lile chuma lisiloguswa?

Mzee wa Ilimba (Chamwino)

Ndilo.

Binti wa Mpwapwa

Nimesisimka mwili. Mwalimu, na baadaye ilikuwaje? Serikali ilimwachia?

Mwalimu wa Solfa

Kwa kifupi: hapana. Mwaka 1977 walipiga *Tabula Rasa* pale Tallinn, Gidon Kremer na Tatjana Grindenko kwenye fidla, na mtunzi Alfred Schnittke kwenye piano, watu wakakaa kimya muda mrefu kabla ya kupiga makofi. Lakini maisha yalikuwa magumu, na Januari 1980 familia ikaondoka na watoto wawili. Mpakani walikaguliwa mizigo. Walikuwa na kanda na karatasi za muziki, maofisa wakataka kusikia ni nini, zikapigwa palepale stesheni. Waliishia Vienna, kisha Berlin, karibu miaka thelathini.

Mwaka 1984 Manfred Eicher wa kampuni ya muziki ya ECM alitoa sahani ya *Tabula Rasa*, na hapo dunia ikamjua. Tangu hapo kazi kubwa ni za sauti na Maandiko. Kwa Ijumaa Kuu kuna *Passio* ya 1982, Mateso kwa Yohana, dakika kama sabini bila pumziko, na mwishoni kabisa kwaya inafunguka kama dirisha. Kuna *Magnificat*, wimbo wa Maria, ya 1989. Kuna *Kanon Pokajanen*, toba ya Kislavoni, kwaya tupu bila ala. Kwa kwaya ya kawaida mimi ningeanza na *Da pacem Domine*, "Utupe amani ee Bwana", ya 2004. Alianza kuiandika siku mbili baada ya mabomu ya treni ya Madrid ya 11 Machi. Ni fupi na inakwenda polepole sana, kila sauti ina noti chache, na kama mmoja hamsikilizi mwenzake inaanguka yote.

Alirudi kuishi Estonia 2010. Mwaka 2018 walifungua kituo chenye jina lake msituni Laulasmaa, ndani yake mna yale madaftari ya miaka ya kimya. Septemba 2025 alitimiza miaka 90.

Sauti ya Nne Kondoa

Wakuu, mimi ni mtu wa besi, mgeni jukwaani, nimesoma uzi wote jana usiku. Swali la kiufundi: kanisa letu lina bati na wakati huu wa upepo linagonga. Kibodi ndiyo inayotufichia. Tukiizima tutaimbaje?

Mwalimu wa Solfa

Karibu sana ndugu. Msianzie kanisani. Chagueni chumba kidogo chenye ukuta wa tofali, au nje chini ya mti jioni upepo ukitulia. Watu wanane wanatosha, wawili kutoka kila sauti ya kwaya yenu. Simameni duara mtazamane, msielekee mbele. Wiki ya kwanza imbeni do, mi, so tu, kwa "mm", mpaka kila mmoja aweze kuingia bila kupewa noti. Hapo kwenye fa na mi wasikimbie, wazuie wakae hesabu nne. Na ukimaliza usiseme "tena" haraka. Hesabu kumi kimoyomoyo kwanza. Mimi hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulizoea, maana mwalimu wa kwaya mdomo wake haupumziki.

Sauti ya Nne Kondoa (wiki mbili baadaye)

Mwalimu, nimerudi na taarifa. Tulikuwa saba, mmoja alikuwa shamba. Tuliimba nje, nyuma ya nyumba ya mzee wa kanisa. Siku ya kwanza haikuwezekana, sauti ya kwanza wanaingia haraka. Juzi Alhamisi "utuhurumie" ikakaa. Ile ya kuhesabu kumi tuliifanya, na tulipofika kama saba hivi, mtoto wa mwenye nyumba aliyekuwa anaosha vyombo akaacha kuosha, akasimama na sufuria mkononi.

Mi ya juu hatujaisikia bado. Jumanne tunakutana tena, na tumemwomba bibi mmoja wa Kigogo anayekaa mtaa wa pili aje akae nasi asikilize.